Kipa aliyeondoka Cairo na alama 36 zilizopotea Uswisi

Jumapili ya tarehe 10 Februari 2008, mjini Accra, Rigobert Song alichelewa kuondosha mpira, Mohamed Zidan akamnyang'anya, Mohamed Aboutrika akamalizia. Dakika ya 77, Misri 1, Kamerun 0. Langoni mwa Misri alikuwepo Essam El-Hadary, aliyetoka pale na kombe pamoja na tuzo ya kipa bora wa mashindano. Kabla Februari haijaisha alikuwa Uswisi, amesaini FC Sion. Mkataba wake na Al Ahly ulikuwa na zaidi ya misimu miwili mbele yake, na Al Ahly ilikuwa haijamuuza kwa mtu yeyote.

Wengi wakimtaja El-Hadary huanza na rekodi ya Kombe la Dunia la 2018, ya mchezaji mzee kuliko wote. Mimi naona kisa kinachofundisha zaidi ni hicho cha Februari 2008, kwa sababu kilizaa kesi iliyochukua karibu miaka minne, ikamalizikia kwenye mechi ambazo yeye mwenyewe hakucheza na ikawaumiza watu ambao hawakuwahi kuonana naye. Na katika wote walioguswa, aliyelipa kidogo kuliko wenzake, kwa maoni yangu, ni kipa mwenyewe.

Tuanze na alikuwa nani wakati ule. Alizaliwa tarehe 15 Januari 1973 katika mkoa wa Damietta, akaanzia klabu ya mkoani kwake, na mwaka 1996 akachukuliwa na Al Ahly. Miaka kumi na miwili aliyokaa pale inatosha kuwa maisha kamili ya mchezaji mwingine: mataji ya ligi yasiyo na idadi ya kukumbuka kirahisi, Ligi ya Mabingwa Afrika 2001, 2005 na 2006, na hata bao. Ndiyo, bao, dhidi ya Kaizer Chiefs kwenye Super Cup ya CAF ya 2002, kwa mpira wa adhabu alioupiga kutoka mbali. Wamisri walimwita Bwawa Kuu, wakimfananisha na lile la Aswan. Februari 2006, kwenye fainali ya Afrika iliyochezwa Cairo, Misri na Ivory Coast walifika kwenye matuta. Didier Drogba akapiga, El-Hadary akadaka. Bakari Koné akapiga, akadaka tena. Baada ya usiku ule hapakuwa na mtu mtaani Cairo wa kumweleza kitu.

Kwa hiyo mwaka 2008 alikuwa na karibu kila kitu ambacho mpira wa Afrika unaweza kumpa kipa. Alichokosa ni Ulaya. Alikuwa ametimiza miaka 35, umri ambao kipa bado anaweza kufanya kazi lakini simu kutoka Ulaya hazipigwi tena. Sion walipopiga, bila shaka aliona ndiyo ya mwisho. Hapo namwelewa. Ninaposhindwa kumwelewa ni kwenye tarehe.

Mkataba aliokuwa nao Al Ahly ulikuwa wa Januari 2007, wa kumfikisha mwisho wa msimu wa 2009/10. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kitu kinachoitwa kipindi cha ulinzi. Mchezaji aliyesaini kabla ya kufikisha miaka 28, mkataba wake unalindwa kwa misimu mitatu au miaka mitatu, kinachotangulia. Aliyesaini baada ya umri huo, ni misimu miwili au miaka miwili. Ukivunja mkataba bila sababu ya msingi ndani ya kipindi hicho, unalipa fidia na pia unafungiwa kucheza: miezi minne kwa kawaida, sita kukiwa na mazingira ya kuzidisha kosa. Ukivunja baada ya kipindi hicho, habari ya kufungiwa kwa kawaida haipo tena, inabaki fidia peke yake, ilimradi umetoa taarifa kwa wakati baada ya msimu kuisha.

Sasa piga hesabu. El-Hadary alisaini akiwa na miaka 33 inayokaribia 34, kwa hiyo ulinzi wake ulikuwa wa miaka miwili: Januari 2007 hadi Januari 2009. Aliondoka Februari 2008, kama mwaka mmoja tu ndani. Msimu wa Misri ulikuwa haujaisha, Al Ahly iko katikati ya ligi na inajiandaa kwa mashindano ya Afrika. Ukitafuta wakati mbaya zaidi wa kuondoka kisheria, ungeshindwa kuupata mwingine kwa urahisi.

Kuna jambo la pembeni ambalo linanikera kila nikiusoma mwaka ule. Tarehe 30 Januari 2008, yaani siku chache tu kabla, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ilitoa hukumu ya Andy Webster, beki wa Scotland aliyeiacha Hearts na kwenda Wigan. Webster alikuwa ameshatoka kwenye kipindi cha ulinzi. CAS ikasema alipe pauni 150,000 tu, thamani ya mshahara uliobaki kwenye mkataba wake, wakati FIFA ilikuwa imesema 625,000. Vyombo vya habari vikaandika kwamba sasa mchezaji anaweza kujinunua. Sina namna ya kujua kama hukumu hiyo ilisomwa na yeyote kule Sion. Lakini hali ya hewa ya wakati huo ndiyo ilikuwa hiyo, na mtu asiyesoma hadi mwisho angeweza kuona mlango uko wazi. Haukuwa wazi kwa El-Hadary. Webster alisubiri. Yeye hakusubiri.

Kilichofuata ni utaratibu wa kawaida wa migogoro ya namna hii. Al Ahly ikagoma, kibali cha uhamisho wa kimataifa kikakwama, FIFA ikaingilia na kuruhusu asajiliwe kwa muda ili asikae bila kazi wakati kesi inaendelea. Watu wengi huchanganya hapa. Kibali cha muda kinasema tu kwamba mchezaji anaweza kucheza kwa sasa. Hakisemi kwamba alikuwa na haki ya kuondoka, na hakimalizi deni la mtu. El-Hadary akadaka Sion, na msimu wa 2008/09 klabu ikachukua Kombe la Uswisi kwa kuwafunga Young Boys 3-2 kwenye fainali.

Aprili 2009 kitengo cha FIFA cha kutatua migogoro kikaamua. El-Hadary afungiwe miezi minne. Sion isisajili mchezaji kwa madirisha mawili ya usajili. Na wote wawili walipe Al Ahly euro 900,000, deni ambalo Al Ahly ingeweza kumdai lote yeyote kati yao. Wakakata rufaa CAS. Kesi ikiwa bado huko, Januari 2010 El-Hadary akaenda Angola, akachukua Kombe la Mataifa kwa mara nyingine, akawa kipa bora tena. Juni 2010 CAS ikatoa hukumu: kifungo kinabaki, marufuku ya Sion inabaki, fidia inakuwa dola 796,500.

Hiyo namba inafaa kuifungua, maana ndiyo inayoonyesha jinsi mahakama inavyopima kipa. Wasuluhishi hawakujiuliza amebakiza mshahara kiasi gani, kama ilivyokuwa kwa Webster. Walijiuliza Al Ahly ingegharamika kiasi gani kupata huduma kama yake sokoni. Thamani ya uhamisho wake ikawekwa dola 600,000. Ikaongezwa dola 488,500, malipo ya mkataba wake mpya, kwa hoja kwamba huo ndio ujira ambao soko lilikuwa tayari kumpa. Ikatolewa dola 292,000, mshahara ambao Al Ahly haikulazimika tena kumlipa. Jumla ni 796,500.

Mbinu hiyo ilishakomazwa mwaka uliotangulia, Mei 2009, kwenye kesi ya Matuzalem, kiungo wa Brazil aliyetoka Shakhtar Donetsk kwenda Real Zaragoza. Yeye na klabu yake mpya waliamriwa kulipa euro 11,858,934. Kutoka pauni 150,000 hadi karibu euro milioni 12, ndani ya miezi kumi na sita! Mlango ambao watu waliushangilia Januari 2008 ulikuwa umeshafungwa wakati kesi ya El-Hadary inafika mbele ya CAS.

Ila angalia kisichomo kwenye hesabu ile. Mikwaju ya Drogba na Koné haimo. Jina la Bwawa Kuu halimo. Kipa bora wa Afrika, mshindi wa mataji kwa klabu na taifa, alithaminiwa chini ya dola laki nane, kwa sababu sheria inamtazama kama kipa wa miaka 35 ambaye soko linajua bei yake. Na kusema kweli, uwanjani Al Ahly haikuonekana kuathirika sana: mwaka huohuo wa 2008, bila yeye, ilichukua Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga Coton Sport ya Kamerun kwenye fainali. Wapo mashabiki waliosema hilo linaondoa hoja ya fidia. Haliondoi. Aliyeibiwa gari haachi kulidai kwa sababu tu amefika kazini kwa miguu.

Sasa twende Sion, ambako kisa kinakuwa kikubwa kuliko kipa.

Kwa kanuni za wakati ule, klabu iliyomsajili mchezaji aliyevunja mkataba bila sababu ya msingi ilihesabiwa kuwa ndiyo iliyomshawishi, hadi ithibitishe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi uko kwake. Sion, chini ya rais wake Christian Constantin, ilishindwa kuutua mzigo huo, na marufuku ya madirisha mawili ikasimama. Klabu nyingi zingemeza machungu, zikapandisha vijana, zikasubiri mwaka upite. Constantin hakuwa mtu wa kusubiri. Dirisha la kiangazi la 2011, Sion ikasajili wachezaji sita, akiwemo Pascal Feindouno wa Guinea na Gabri, yule aliyepitia Barcelona. FIFA ikasema adhabu haijaisha. Sion ikasema imeisha. Ikaongeza hoja nyingine: adhabu ilitajwa kwa jina la FC Sion, chama, wakati timu ya kulipwa inaendeshwa na kampuni ya Olympique des Alpes. Wachezaji wakaenda mahakama za kiraia za Valais, jimbo la Uswisi ilipo Sion, wakapata amri za muda za kuruhusiwa kucheza.

Nikiwa wakili ningeipenda hoja ile ya chama na kampuni. Nikiwa mwenyekiti wa klabu nisingeigusa. Mpira una mahakama zake, na anayekimbilia mahakama za kiraia katikati ya msimu anaweza kushinda amri ya hakimu halafu akapoteza kila kitu kingine.

Ndivyo ilivyokuwa. Agosti 2011 Sion ilikutana na Celtic kwenye mchujo wa Europa League. Wakatoka 0-0 Glasgow, nyumbani Sion ikashinda 3-1. Celtic ikalalamika, UEFA ikakubali kwamba Sion imechezesha wachezaji wasio halali, mechi zote mbili zikaandikwa 3-0 kwa Celtic, na Waskoti wakaingia kwenye makundi. Desemba CAS ikaunga mkono UEFA. Kisha FIFA ikaigeukia Uswisi nzima: chama cha soka kiiadhibu Sion, la sivyo chama chenyewe kitasimamishwa. Fikiria maana yake. FC Basel ndiyo kwanza ilikuwa imeitoa Manchester United kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya na ilikuwa inasubiri mechi na Bayern Munich. Basel haikuwa imemsajili mtu kinyume cha sheria. Ilikuwa tu nchi moja na Sion.

Siku chache kabla ya mwaka mpya, chama cha Uswisi kikaikata Sion alama 36, tatu kwa kila mechi iliyochezwa na wachezaji wale. Timu iliyokuwa inagombea nafasi za juu ikaingia mwaka 2012 ikiwa na alama tano chini ya sifuri. Iliponea kwa sababu Neuchâtel Xamax ilinyang'anywa leseni katikati ya msimu kwa matatizo ya fedha, na kwa kuishinda Aarau kwenye mchujo wa kushuka daraja.

Kama Sion ingekaa mezani na Al Ahly Februari 2008, na hata ikapandishiwa bei hadi dola laki nane, ingelipa karibu kilekile ilichoamriwa baadaye na CAS. Na madirisha mawili, Europa League na alama 36 vingebaki mkononi mwake. Katika kisa hiki chote sioni uamuzi wa kijinga kuliko huo wa kutotaka kununua.

Na kipa? Kufikia hapo El-Hadary alikuwa ameshaondoka Sion muda mrefu. Alirudi Misri, akapita Ismaily, akajiunga na Zamalek (mtu wa Al Ahly kuvaa jezi ya Zamalek, mahasimu wao wakubwa, hilo nalo lina uzito wake Cairo), akaenda Al Merreikh ya Sudan, na klabu nyingine baadaye. Kifungo cha miezi minne kinamwuma sana winga wa miaka 29 ambaye kasi yake ina tarehe ya mwisho. Kwa kipa aliyejitunza, miezi minne haifiki mbali.

Ushahidi ni miaka iliyofuata. Mwaka 2017, kwenye Kombe la Mataifa kule Gabon, alikwenda akiwa kipa wa akiba mwenye miaka 44. Mwenzake akaumia kwenye mechi ya kwanza, akaingia, na hakufungwa hadi nusu fainali. Nusu fainali hiyo dhidi ya Burkina Faso ikaenda kwenye matuta. Akapangua la Hervé Koffi, kipa mwenzake, na la Bertrand Traoré. Fainali wakafungwa na Kamerun 2-1.

Halafu Volgograd, 25 Juni 2018. Misri ilikuwa imeshatolewa, mechi na Saudi Arabia ilikuwa ya kukamilisha ratiba. El-Hadary akapangwa akiwa na miaka 45 na siku 161, mchezaji mzee kuliko wote waliowahi kucheza Kombe la Dunia, akimpita Faryd Mondragón wa Colombia aliyeweka rekodi ya miaka 43 mwaka 2014. Karibu na mapumziko Saudi Arabia wakapata penalti. Fahad Al-Muwallad akapiga, mzee akaruka, mkono wake ukaugusa mpira, ukagonga mwamba na kutoka. Dakika chache baadaye wakapewa nyingine, Salman Al-Faraj akafunga, na kwenye muda wa nyongeza wa kipindi cha pili wakafunga la ushindi. Alifungwa mawili, akapoteza mechi, na ndiyo mechi inayotajwa kila anapotajwa. Alistaafu timu ya taifa mwaka huo akiwa na mechi 159, kisha akaja kuwa kocha wa makipa kwenye benchi la Carlos Queiroz, Misri ilipofika fainali ya Afrika Februari 2022.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshaona sura ya jambo hili nyumbani. Desemba 2022 Feisal Salum aliiandikia Yanga kwamba anavunja mkataba, akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akiamini amejinunua. TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na Juni 2023 mambo yakaisha kwa njia ya kizamani: Azam ikakaa mezani, ikanunua. Kwenye mabishano yale nilisikia sana watu wakisema mkataba ni karatasi tu na mchezaji si mtumwa. Kweli si mtumwa. Lakini kanuni haikuwahi kumzuia mchezaji kuondoka. Inachofanya ni kuweka bei ya kuondoka na siku ambayo bei hiyo inapungua, na siku hiyo inaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye kalenda.

Kesi ya El-Hadary ingehukumiwaje leo? Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Lassana Diarra, kiungo wa zamani wa Ufaransa, ilisema sehemu kubwa ya mfumo ule inakiuka sheria za Umoja huo: klabu mpya kubebeshwa deni moja kwa moja, kuhesabiwa kuwa imeshawishi bila ushahidi, na kibali cha uhamisho kuzuiwa kwa sababu kuna mgogoro. Mwisho wa mwaka huo FIFA ikarekebisha kanuni. Sasa anayedai kwamba klabu ilishawishi ndiye anayepaswa kuthibitisha, na klabu mpya inabeba fidia pamoja na mchezaji pale tu ushawishi unapothibitika. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, lakini kanuni za FIFA ni zilezile kwa wote.

Kwa hiyo Al Ahly ya leo ingelazimika kuleta barua, ujumbe wa simu au shahidi wa kuonyesha kwamba Sion ilimfuata kipa akiwa bado kwenye mkataba. Ikikosa, Sion inasajili kama kawaida, na deni lote linamwangukia El-Hadary peke yake. Miezi yake minne ya kufungiwa ingebaki palepale.